Mafuta ya Mwani: Hesabu Inayomhusu Kila Mkazi wa Kata

Utando wa kijani unaoota juu ya maji yaliyotuama, katika malambo, katika mabirika ya kunyweshea mifugo na kwenye kuta za matangi, hujulikana na wakazi wengi kama kero. Huziba mabomba, hubadili ladha ya maji na huzifanya ngazi za kisima ziteleze. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne wanasayansi wa mataifa mbalimbali wameutazama utando huo kwa jicho jingine: wameuona kuwa ni shamba la mafuta lisilohitaji jembe wala mvua ya masika.

Habari za mafuta hayo huwafikia wananchi kwa redio, kwa simu za mkononi, na wakati mwingine kwa vinywa vya watu wanaotafuta ardhi au mitaji. Nyingi kati ya habari hizo ni za kweli, lakini mara nyingi ni nusu ya ukweli. Makala haya yanaeleza jinsi mafuta ya mwani yanavyopatikana, kwa nini hayajafika kwenye vituo vya mafuta, na ni mambo gani mkazi anapaswa kuyapima kabla ya kutoa kauli kuhusu ardhi ya kijiji chake au akiba ya kikundi chake.

Mwani unaozungumziwa ni upi?

Kwa wakazi wa mwambao, neno mwani humaanisha mimea ya baharini inayofungwa kwenye kamba na kuvunwa wakati wa maji kupwa. Mwani huo, unaolimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye katika mikoa ya Tanga, Lindi na Mtwara, huuzwa kwa ajili ya utomvu wake mzito unaotumika viwandani kugandisha vyakula na kutengeneza dawa ya meno. Mafuta yaliyomo ndani yake ni kidogo mno, na kwa hiyo sio mwani unaokusudiwa hapa.

Mwani unaokusudiwa ni ule mdogo usioonekana kwa macho mmoja mmoja mpaka utazamwe kwa hadubini. Kila chembe yake ni kiumbe kamili. Hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa kujitengenezea chakula, kama yafanyavyo majani ya mhindi au mwembe, na sehemu ya chakula hicho huihifadhi kwa umbo la mafuta. Kwa kuwa hauna mizizi, shina wala matawi ya kulisha, hukua haraka. Katika hali nzuri, aina nyingi huongezeka maradufu ndani ya siku moja.

Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, linaonyesha nguvu ya viumbe hao. Makundi makubwa ya heroe, ndege ambao wengi huwaita flamingo, huishi huko kwa kula spirulina, kiumbe wa jamii ya kijani-buluu anayefanya kazi kama mwani na kustawi katika maji ya magadi. Maji ambayo hayafai kunywewa wala kumwagilia mazao hulisha ndege kwa maelfu. Hapo ndipo ilipo hoja yenye mvuto katika habari ya mwani: unaweza kukua katika maji ya chumvi na juu ya ardhi isiyofaa kwa mahindi au mpunga, na kwa hiyo si lazima ushindane na chakula cha watu.

Kutoka bwawani hadi kwenye tangi

Njia ya kawaida ya kulima mwani ni kutumia mabwawa ya kina kifupi, sentimita 20 hadi 30, yenye umbo la uwanja wa mbio. Gurudumu lenye makasia huyazungusha maji mchana na usiku ili kila chembe ipate zamu yake ya jua. Njia nyingine ni kutumia mirija ya kioo au plastiki angavu, ambayo huzuia uchafu na wadudu lakini hugharimu fedha nyingi zaidi.

Baada ya kukua, mwani hutenganishwa na maji kwa kuchujwa, kwa kuachwa utuame, au kwa mashine zinazozunguka kwa kasi. Kinachobaki ni tope zito la kijani. Tope hilo hukaushwa, kisha mafuta yake hukamuliwa au kuyeyushwa kwa kemikali. Mafuta hayo huchanganywa na methanoli na kostiki soda. Hapo hujitenga sehemu mbili, biodizeli na glisarini. Ipo pia njia ya kulipika tope likiwa bado bichi, katika joto la nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi na chini ya mgandamizo mkubwa sana, hadi liwe mafuta ghafi. Njia hiyo huondoa kazi ya kukausha, lakini hudai mitambo ya chuma imara na uangalizi wa wahandisi.

Kwa hiyo swali la kama mwani unaweza kutoa mafuta lilikwisha kujibiwa zamani. Unaweza. Swali lililobaki ni la gharama, na jibu lake linahitaji daftari.

Majaribio ya Roswell

Jaribio lililoweka msingi wa elimu hiyo lilifanywa na serikali ya Marekani kuanzia mwaka 1978 hadi 1996, baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya miaka ya 1970. Watafiti walikusanya zaidi ya aina 3,000 za mwani kutoka katika maziwa, mabwawa na mwambao, wakazichuja hadi zikabaki takriban 300 zilizoonyesha matumaini. Mradi mzima uligharimu karibu dola milioni 25.

Mabwawa ya majaribio, kila moja likiwa na mita za mraba 1,000, yalijengwa Roswell, katika jimbo la New Mexico. Kulikuwa na siku ambazo bwawa lilitoa gramu 50 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba. Hata hivyo, wastani ulikuwa karibu gramu 10 tu, kwa kuwa usiku wa jangwa ni wa baridi na mwani hulegea maji yanapopoa.

Watafiti waligundua jambo jingine lenye funzo kubwa. Mwani unaponyimwa naitrojeni, hujaza mafuta mwilini, mfano wa mtu anayeweka akiba akihofia njaa. Ilidhaniwa kwamba siri imepatikana. Lakini mwani wenye njaa huacha kukua, na jumla ya mafuta yaliyovunwa haikuongezeka. Ripoti ya mwisho, iliyotolewa mwaka 1998, ilikadiria kwamba hata kwa matarajio makubwa ya mavuno, biodizeli ya mwani ingegharimu maradufu ya dizeli ya kawaida ya wakati huo.

Hesabu ya hekta moja

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ni vema basi mkazi akachukua kalamu na kufuata hesabu ya bwawa la hekta moja, kwa kutumia wastani ule wa gramu 10.

Mavuno: Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Kwa gramu 10 kila mita, mavuno ya siku ni kilo 100 za mwani mkavu. Ikiwa robo yake ni mafuta, zinapatikana kilo 25, yaani takriban lita 27 kwa siku. Kwa mwaka mzima ni karibu lita 9,900. Shamba zuri la michikichi hutoa takriban tani 4 za mafuta kwa hekta kwa mwaka, kiasi ambacho hakifiki lita 4,500. Kwa kipimo cha ardhi peke yake, mwani unashinda, na hiyo ndiyo sehemu ya hesabu inayotangazwa zaidi.

Maji: Lita moja ya maji ya bwawa huwa na nusu gramu hadi gramu moja ya mwani mkavu, kiasi kisichofika nusu ya kijiko cha chai. Kwa nusu gramu kila lita, kuvuna kilo 100 kunahitaji kuchuja lita 200,000 za maji kila siku, sawa na magari 20 ya maji ya lita 10,000. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudishwa bwawani, lakini jua nalo huchukua chake. Maji yakipungua kwa milimita 5 tu kwa siku, hekta moja hupoteza lita 50,000, ambazo ni ndoo 2,500 za lita 20.

Mbolea: Mwani hula naitrojeni na fosforasi kama mazao mengine. Kilo 100 za mwani mkavu hubeba takriban kilo 7 za naitrojeni, ambazo hupatikana katika kilo 15 za mbolea ya urea. Kwa mwezi hiyo ni mifuko 9 ya kilo 50, bila kuhesabu fosforasi.

Hewa ukaa: Kila kilo ya mwani mkavu hufyonza karibu kilo 1.8 za hewa ukaa, kwa hiyo bwawa hilo huhitaji kilo 180 kwa siku. Hewa ya kawaida haileti kiasi hicho kwa kasi inayotakiwa. Ndiyo maana miradi mingi hutafuta kujengwa jirani na kiwanda au mtambo wa umeme wenye moshi wa kutosha.

Kukausha: Tope lililokwisha kuchujwa vizuri bado ni maji kwa sehemu nne kati ya tano. Kwa kilo 100 za mwani mkavu kuna kilo 400 za maji ya kuondoa, na kuyageuza kuwa mvuke kunahitaji takriban megajuli 1,040 za joto. Mafuta yote ya siku hiyo, zile kilo 25, yana nishati ya karibu megajuli 925. Anayekausha kwa moto hutumia nishati kubwa kuliko ile atakayoiuza. Kwa kipimo cha kuni, ni kilo 65 za kuni kavu kwa siku, hata kama joto lote lingefanya kazi bila kupotea. Na hakuna jiko lisilopoteza joto.

Jua hukausha bila malipo, lakini hudai eneo kubwa, wafanyakazi, na siku zisizo na mvua, na mafuta huanza kuharibika tope likikaa muda mrefu. Ni kweli kwamba joto la nchi za ukanda wa Ikweta linaondoa tatizo la usiku wa baridi lililowasumbua watafiti wa Roswell. Mavuno huenda yakawa makubwa zaidi. Lakini mbolea, hewa ukaa na kazi ya kukausha huongezeka pamoja na mavuno. Joto la nchi haliyaondoi madai hayo.

Kampuni kubwa zilijaribu

Bei ya mafuta ilipopanda tena miaka ya 2000, matumaini yalirudi. Januari 2009 ndege ya shirika la Continental iliruka kutoka Houston kwa majaribio, injini yake moja ikitumia mchanganyiko uliokuwa na mafuta ya mwani na ya mbono. Novemba 2011 abiria walisafiri kutoka Houston hadi Chicago katika ndege iliyotumia mchanganyiko wa mafuta ya mwani yaliyotengenezwa na kampuni ya Solazyme. Jambo ambalo halikusisitizwa sana ni kwamba mwani wa Solazyme ulilelewa gizani ndani ya matangi na kulishwa sukari. Mafuta yale hayakutokana na jua moja kwa moja, bali na shamba lililozalisha sukari hiyo.

Mwaka 2009 pia, kampuni ya ExxonMobil ilitangaza ushirikiano wa utafiti na Synthetic Genomics ambao ungeweza kugharimu hadi dola milioni 600. Mwaka 2018 zilitaja lengo la kuwa na uwezo wa kuzalisha mapipa 10,000 kwa siku kufikia mwaka 2025. Mapema mwaka 2023 ilijulikana kwamba ExxonMobil imeacha kuugharamia utafiti huo. Solazyme, iliyokuwa imebadili jina na kuwa TerraVia na kugeukia viungo vya chakula, ilifilisika mwaka 2017.

Viwanda vya mwani vinavyoendelea vizuri duniani haviuzi dizeli. Huuza spirulina kama chakula cha lishe, rangi za vyakula, na virutubisho vya samaki wa kufugwa, bidhaa ambazo kilo moja huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi bei ya lita ya mafuta. Hilo si kushindwa kwa sayansi. Ni jibu la daftari.

Mahali hesabu inapokaribia kulingana

Upo mwani ambao tayari unawafanyia kazi wakazi wa miji mingi nchini: ule wa mabwawa ya majitaka. Rangi ya kijani inayoonekana katika mabwawa hayo si dalili ya uzembe. Mwani hutoa oksijeni mchana kutwa, bakteria huitumia oksijeni hiyo kuvunjavunja uchafu, na uchafu uliovunjwa humrudishia mwani mbolea yake. Hivyo majitaka husafishwa bila umeme mwingi wala kemikali.

Katika bwawa la namna hiyo, maji yapo na hayahitaji kununuliwa. Naitrojeni na fosforasi zimo ndani yake. Gharama za ujenzi zimekwisha kubebwa na huduma ya usafi wa mazingira. Profesa William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetafiti mabwawa hayo tangu miaka ya 1950, alipendekeza pamoja na mwenzake mwaka 1960 kwamba mwani huo uingizwe katika matangi yasiyopitisha hewa ili utoe bayogesi. Njia hiyo haihitaji kukausha, kwa kuwa bakteria wa bayogesi hufanya kazi ndani ya maji. Huko Chiclana de la Frontera, kusini mwa Hispania, mradi ulioanza mwaka 2011 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya ulilima mwani katika majitaka ya mji na kuendesha magari kwa gesi iliyopatikana.

Hata hapo ipo mipaka. Ngozi ya chembe za mwani ni ngumu na huoza polepole, na naitrojeni ikizidi hudhoofisha bakteria, hivyo ni bora mwani uchanganywe na taka nyingine. Vilevile, kuuvuna kunahitaji mitambo. Hii ni kazi ya mamlaka za maji na wahandisi. Si kazi ya mkazi mmoja mmoja, na hakuna anayepaswa kuingia katika mabwawa ya majitaka kuchota mwani, kwa kuwa yana vimelea vya maradhi. Kaya inayotaka nishati ya kupikia sasa itafaidika zaidi na mtambo wa bayogesi wa samadi, ambao kanuni yake ni ile ile na malisho yake yapo zizini.

Funzo la mbono

Nchi imewahi kupita njia inayofanana na hii. Katika miaka ya 2000, mbono ulisifiwa kwamba ungetoa mafuta katika ardhi kame bila maji mengi wala mbolea. Sehemu ya mafuta ya mbono yaliyotumika katika ndege ya majaribio ya Air New Zealand mwezi Desemba 2008 ilitoka Tanzania. Mafuta yale yalifanya kazi. Lakini katika ardhi duni mbono ulitoa mbegu kidogo, na penye mavuno mazuri ulidai ardhi nzuri. Wilayani Kisarawe, zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa ardhi ya vijiji zilitolewa kwa mwekezaji wa mbono, na mwaka 2011 shughuli zikasimama. Ajira ziliondoka, lakini ardhi haikurudi vijijini siku ile ile.

Sababu yake imo katika sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikihamishwa kwa ajili ya uwekezaji wa namna hiyo huwa ardhi ya jumla. Mradi ukifa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Sheria hiyo hiyo imempa mwananchi nafasi ya kusema mapema: eneo lisilofika hekta 250 huidhinishwa au kukataliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na kwa eneo kubwa zaidi mkutano huo hutoa mapendekezo yake kwa Waziri. Mkazi asiyehudhuria mkutano huo huwa ameacha wengine wamsemee.

Maswali ya kuuliza

Ikitokea kwamba kijiji, kikundi au mkazi analetewa pendekezo la mafuta ya mwani, maswali yafuatayo yaulizwe hadharani na majibu yake yaandikwe:

1. Maji yatatoka wapi, kiasi gani kwa siku, na nani mwingine anayatumia wakati wa kiangazi?
2. Mbolea na hewa ukaa zitatoka wapi, na nani atazilipia?
3. Mwani utatenganishwa na maji na kukaushwa kwa nishati ipi?
4. Mavuno yanayotajwa ni ya siku moja bora, au ni wastani wa mwaka mzima, na yamepimwa wapi?
5. Bidhaa itakayouzwa mwaka wa kwanza ni mafuta kweli, au ni chakula na virutubisho? Mnunuzi ni nani?
6. Tathmini ya Athari kwa Mazingira imefanyika na kupitishwa na mamlaka inayohusika?
7. Mradi ukisimama, ardhi na mabwawa yatakuwa chini ya nani?

Ikumbukwe pia kwamba cheti cha BRELA huthibitisha kuwa kampuni imeandikishwa. Hakithibitishi kuwa biashara yake italipa. Kikundi kisitoe akiba yake kununua mbegu ya mwani au hisa za mradi kwa kuonyeshwa cheti na picha peke yake.

Mwananchi mwenye pendekezo la aina hiyo mkononi anashauriwa kulifikisha kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ambaye atalipeleka kwa maofisa wa Ardhi, Mazingira na Kilimo wa Halmashauri ya Wilaya ili hesabu zake zipitiwe. Nakala ya pendekezo ifike ofisini kabla ya tarehe ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa kuwa ushauri unaotolewa baada ya muhtasari kutiwa saini huwa umechelewa.